Mshono au Jicho? Uhakiki wa Tafsiri Mbili za Maelekezo ya Kufuma Sweta

Utangulizi

Katika madarasa ya tafsiri tunatumia muda mwingi kuhakiki tafsiri za riwaya, tamthiliya, mashairi na hotuba. Matini za ufundi tunazipitia haraka, kana kwamba ni rahisi kwa kuwa hazina tamathali za usemi. Makala haya yanahakiki tafsiri mbili za matini moja ya ufundi: maelekezo ya kufuma sweta ya mtoto yenye misuko. Matini chanzi ni ya Kiingereza cha Marekani, kurasa nne. Mlengwa wa tafsiri ni shangazi yangu, anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Rugaaga, wilayani Isingiro, na anayejipatia sehemu ya riziki yake kwa kufuma.

Tafsiri ya kwanza, nitakayoiita Tafsiri A, ilitolewa na programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu. Ya pili, Tafsiri B, niliiandaa mimi pamoja na shangazi na wanawake wawili wa kikundi chake cha ufumaji. Nitaonyesha kwamba Tafsiri A inafaulu vizuri katika vipimo vya ulinganifu tunavyovitumia darasani, lakini haifumiki. Tafsiri B inavunja mpangilio wa matini chanzi, inaongeza mambo ambayo mwandishi hakuyaandika, na inatumia maneno ambayo baadhi yetu tungeyapigia mstari mwekundu, lakini inafumika. Kutokana na tofauti hiyo ninatoa hoja mbili. Kwanza, matini ya maelekezo ipimwe kwa kazi inayotoka mikononi mwa msomaji wake. Pili, istilahi za matini kama hiyo zitafutwe kwanza kwa wanaoifanya kazi yenyewe, kabla hatujaketi mezani kuziunda.

Matini chanzi, mlengwa na gharama ya kukosea

Sweta hizo mbili ziliagizwa na ndugu yetu aliyepata makazi mapya Kanada. Alituma picha, vipimo vya watoto wake na maelekezo yaliyochapishwa. Shangazi anafuma tangu utotoni Uvira, na sweta za shule huzifuma bila karatasi: huchukua sweta iliyochakaa, huihesabu kwa vidole, kisha huifuma upya. Safari hii hapakuwa na sweta ya kushika. Kulikuwa na picha na maneno tu.

Uzi ulinunuliwa Mbarara, madonge 16 ya gramu 50, kwa mkopo kutoka kikundi cha akiba na mikopo. Kila aliyewahi kufuma anajua kwamba uzi unaweza kufumuliwa, lakini ukifumuliwa mara mbili tatu hufanya manyoya, hupoteza unyumbufu, na sweta hutoka ikiwa na sura ya kizee kabla haijavaliwa. Tangu mwaka 2023, mgawo wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi na wengine kuondolewa kabisa, fedha ndogo za kazi za mikono zimekuwa na uzito mkubwa zaidi majumbani. Kwa hiyo neno moja lililotafsiriwa vibaya katika matini hii lina bei. Sijui riwaya ambayo kosa la mtafsiri wake hulipwa na msomaji kwa awamu za kila wiki.

Jambo jingine la kuzingatia kuhusu mlengwa ni historia ya ufundi wake. Bibi yangu, mama yake shangazi, alijifunza kufuma ng'ambo ya pili ya ziwa, katika mji ulioitwa Usumbura na ambao leo ni Bujumbura. Mwaka 1946 watawala wa Kibelgiji walifungua huko nyumba ya mafunzo ya akina mama iliyojulikana kwa Kifaransa kama foyer social, ambamo wanawake wa mjini walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza nyumba. Kwa njia kama hizo ufundi wa sindano mbili ulienea upande wa Burundi na Kongo ukiwa na maneno ya Kifaransa. Uganda, ufundi huohuo uliletwa kwa Kiingereza. Shangazi anasoma Kiswahili bila shida, Kifaransa kidogo, Kiingereza hapana. Wenzake katika kikundi ni Wakongo, Warundi na Msomali mmoja. Lugha wanayofumia pamoja ni Kiswahili. Kwa hiyo swali la lugha lengwa lilikuwa limeshajibiwa kabla sijaulizwa.

Tafsiri A: maneno sawa, sweta hakuna

Nianze na mifano minne kutoka Tafsiri A.

Mfano wa kwanza ni pande za kitambaa. Maelekezo ya kufuma hutofautisha uso wa kitambaa, yaani upande utakaoonekana sweta ikivaliwa, na upande wa ndani. Kiingereza huuita uso kwa neno ambalo pia lina maana ya kulia. Tafsiri A imeandika "upande wa kulia" kila mahali, na upande wa ndani imeuita "upande mbaya". Msomaji aliyeshika sindano anaona kweli ana upande wa kulia na wa kushoto: mkono wa kulia umeshika sindano inayofuma na wa kushoto sindano inayofumwa. Sentensi inasomeka, inaeleweka, na inampeleka pasipo.

Mfano wa pili ni neno lenyewe la msingi. Kitu kinachohesabiwa katika ufumaji, kile kizingo kimoja cha uzi juu ya sindano, Tafsiri A imekiita "mshono". Kwa msemaji wa Kiswahili, mshono ni mahali vipande viwili vya nguo vilipounganishwa, au mtindo wa nguo. Sweta nzima ina mishono minne au sita. Maelekezo yanayoanza kwa kumtaka mtu aweke "mishono 98" yanamfanya aweke karatasi chini.

Mfano wa tatu ni agizo la kuendelea kufuma bila kuongeza wala kupunguza upana. Kiingereza hulisema kwa maneno mawili mafupi, kitenzi cha kazi na neno lenye maana ya usawa, ambalo katika mazingira mengine humaanisha "hata". Tafsiri A imetoa: "fanya kazi hata hadi kipande kipime inchi 14". Hapa angalau msomaji anatambua kwamba kuna kitu kimeharibika. Makosa ya namna hii ndiyo tunayoyacheka darasani, lakini hayana hatari kubwa kwa sababu yanajitangaza. "Upande wa kulia" ni hatari zaidi kwa sababu umetulia kwenye sentensi.

Mfano wa nne si neno, ni namba. Matini chanzi inataka sindano namba 6. Tafsiri A, kama ambavyo watafsiri wengi wangefanya, imeiacha 6 ilivyo. Nani atafsiri namba? Lakini namba za sindano za Marekani hupanda kadiri sindano inavyonenepa, na namba za zamani za Kiingereza hushuka. Namba 6 ya Marekani ni milimita 4. Namba 6 ya zamani ya Uingereza ni milimita 5. Sindano za zamani za Kiingereza bado zimo mikononi mwa wafumaji wa huku, na shangazi anazo zilizochongwa 6 na zilizochongwa 8. Msomaji mtiifu wa Tafsiri A angechukua zile za 6, na sweta ya mtoto wa miaka minane ingemtosha kaka yake mkubwa. Sindano sahihi ni zile zilizochongwa 8. Kwa hiyo, katika tafsiri hii, ulinganifu wa 6 ni 8. Tafsiri B imeandika "sindano za milimita 4", na kwenye mabano ikaongeza namba ya zamani.

Kipimo cha kurudisha tafsiri

Darasani tumefundishwa kipimo cha kurudisha tafsiri kwenye lugha chanzi, ambacho Brislin alikijadili katika makala yake maarufu ya mwaka 1970. Matini iliyotafsiriwa hupewa mtu mwingine ambaye hajaona chanzi, naye huirudisha katika lugha ya kwanza. Zikilingana, tafsiri inahesabiwa kuwa salama. Nilimpa Tafsiri A mwanafunzi mwenzangu anayekijua Kiingereza vizuri lakini hajawahi kushika sindano za kufumia. "Upande wa kulia" ulirudi vilevile ulivyokuwa kwenye chanzi. "Mshono" ulirudi vilevile. Namba 6 ilirudi 6. Isipokuwa sentensi chache za aina ya "fanya kazi hata", matini ilirudi karibu yote nyumbani kwake salama.

Tafsiri B ilifanya vibaya katika kipimo hichohicho. Mwenzangu mwingine alipoirudisha, alitoa Kiingereza kuhusu macho yanayosimama na macho yanayolala. Kwa kipimo hiki Tafsiri A ni bora, na Tafsiri B ni matini iliyopotoka.

Tatizo haliko kwa Brislin, ambaye kipimo chake kilihusu zaidi madodoso ya utafiti. Tatizo liko kwetu tunaokitumia kwa kila aina ya matini. Kipimo hiki hupima kama maneno ya lugha mbili yanaitana. Hakipimi kama mtu wa tatu, aliyeshika kazi mkononi, ataweza kuifanya. Nida na Taber (1969) walipozungumzia mwitikio wa msomaji walikuwa karibu zaidi na tunachokihitaji, lakini hata mwitikio wao ni wa kuelewa na kuguswa. Vermeer, kwa nadharia ya Skopo aliyoianzisha mwaka 1978, anatupa msingi ulio imara zaidi: tafsiri huongozwa na lengo lake. Ninachoongeza hapa ni kwamba lengo la maelekezo linaweza kuhesabiwa. Mwisho wa safu ya kwanza kuna macho 98 kwenye sindano, au hakuna.

Kwa sababu hiyo tulitumia kipimo tulichokiita jaribio la sindano. Mwanamke mmoja wa kikundi, ambaye hakuwemo kwenye kazi ya Tafsiri B, alipewa tafsiri zote mbili kwa siku tofauti, pamoja na mabaki ya uzi wa zamani, akaombwa afume kipande cha safu 24. Kwa Tafsiri A alisimama kwenye mstari wa tatu. Kwa Tafsiri B alifuma safu zote 24, akauliza maswali mawili, na maswali hayo yakatufanya tuongeze sentensi mbili. Uzi wa mkopo haukuguswa hadi jaribio hilo lilipokwisha.

Tafsiri B: istilahi zilitoka wapi

Kamusi zetu zina kitenzi fuma, na fumua ya kulegeza kazi iliyofumwa. Tatizo la fuma ni upana wake: hufunika kazi ya mfumi wa kitambaa, kazi ya sindano mbili na kazi ya sindano ya kulabu inayotoa vitambaa vya kufunika makochi. Ufumaji wa kitambaa una istilahi zake za kale, kama mtande kwa nyuzi za urefu na mshindio kwa nyuzi za upana. Nilifikiria kuzitumia, lakini hazifai. Kitambaa cha mfumi kina nyuzi za pande mbili zinazopishana. Sweta ni uzi mmoja unaopita ndani ya vizingo vyake wenyewe. Hakuna mtande wala mshindio.

Badala ya kuunda neno, nilimwomba shangazi afume taratibu huku akitaja kila anachokifanya. Kizingo kimoja alikiita jicho. Nilimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba ndivyo mama yake alivyosema, na kwamba wavu nao una macho. Familia yao ilivua samaki Uvira, na hata wavuvi wa ziwa Nakivale husema nyavu za macho madogo na nyavu za macho makubwa. Kifaransa nacho kina neno moja, maille, kwa kizingo cha sweta na kwa tundu la wavu. Sijui kama bibi yangu alitafsiri neno hilo au alifika hapo mwenyewe kwa kutazama wavu wa mumewe. Vyovyote vile, istilahi ilikuwapo. Kuhesabu nako ni kwepesi: jicho 1, macho 98.

Kuanza kazi, yaani kuweka macho ya kwanza kwenye sindano, anakuita kupandisha macho. Hapa alama ya Kifaransa iko wazi, kwa kuwa Wafaransa hutumia kitenzi cha kupandisha. Kumaliza anakuita kufunga macho. Kuongeza na kupunguza ni vilevile. Misuko, ile mistari minene ya sweta inayopindana kama nywele zilizosukwa, aliiita misuko kabla sijauliza.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye aina mbili za macho, ambazo Kiingereza huzifupisha kwa herufi k na p. Ufumaji wote wa sindano mbili umejengwa juu ya aina hizi, na kwa kweli ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili: k ikigeuzwa nyuma inaonekana p. Tafsiri A iliziacha herufi hizo bila maelezo. Shangazi alikuwa na maneno yake, andrua na anveri, yaliyotoka katika maneno ya Kifaransa ya uso na kinyume. Warundi wa kikundi waliyajua, Msomali hakuyajua. Nilipendekeza uso na mgongo. Mmoja wao akasema mgongo tayari ni kipande cha nyuma cha sweta, na tutamchanganya msomaji. Alikuwa na haki. Hapo shangazi akalikunjua sweta alilokuwa akilifuma, akaonyesha kwa kidole: "Hii inasimama, hii inalala."

Ukikitazama kitambaa cha sweta utaona alichokiona. Macho ya aina ya kwanza yanajipanga kama herufi V zilizosimama moja juu ya nyingine. Ya aina ya pili yanafanya vinundu vilivyolala kama tofali. Katika daftari lake alikuwa akiyaandika hivyo miaka yote: kistari cha wima kwa moja, kistari cha mlalo kwa nyingine. Tukakubaliana: jicho la kusimama, S, jicho la kulala, L. Neno safu tuliamua tusilifupishe kamwe, ili S isiwe na maana mbili.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka wanafunzi wenzangu tulifikirie. Sentensi "Hii inasimama, hii inalala", ikizungumzia jicho, ina kosa la upatanisho wa kisarufi kwa mujibu wa Kiswahili sanifu. Katika mtihani ingepigiwa mstari. Lakini ndani ya sentensi hiyo kuna istilahi mbili zilizo wazi, fupi, zinazotofautiana, zinazoweza kunyambulika, na zinazomwonyesha mfumaji kitu anachoweza kukikagua kwa macho yake. Hivyo ndivyo vigezo tunavyovikariri tunapojadili uundaji wa istilahi. Msemaji yuleyule tunayemsahihisha ngeli ndiye aliyekidhi vigezo vyetu.

Tafsiri B: hesabu na mpangilio

Istilahi zikishapatikana, zinabaki hesabu. Upana wa sweta ni macho 98. Kila msuko una macho 6 ya kusimama, na baina ya msuko na msuko kuna macho 2 ya kulala. Safu mbili za kwanza za Tafsiri B zinasomeka hivi:

Safu ya 1 (uso): L2, *S6, L2*. Fuma fungu la kati ya nyota mara 12. Macho 98.

Safu ya 2 (ndani): S2, *L6, S2*. Fuma fungu la kati ya nyota mara 12. Macho 98.

Tazama kitenzi. Tafsiri A ilisema "rudia mara 12". Katika Kiswahili, kurudia ni kufanya tena jambo lililokwisha kufanywa. Msomaji makini hufuma fungu mara moja, kisha hulirudia mara 12, na hivyo hulifuma mara 13. Fungu lina macho 8. Mara 13 ni macho 104, na yale 2 ya mwanzo ni 106. Sindano ina 98. Kubadili "rudia" kuwa "fuma" kunaonekana kuwa jambo dogo la mtindo, kumbe kunaokoa macho 8. Hesabu inayomalizia kila safu, "Macho 98", haimo katika matini chanzi. Tumeiongeza kwa makusudi. Mfumaji wa Marekani aliyenunua maelekezo haya ana vitabu na walimu. Wetu ana karatasi hii tu, na anahitaji mahali pa kujikagua kabla hajaendelea.

Mfano mwingine ni safu za kupinda misuko. Matini chanzi inasema misuko ipindwe kwenye safu ya 7, na kuanzia hapo kila safu ya nane. Maana yake ni safu za 7, 15, 23, 31 na kuendelea. Zote ni witiri, na safu witiri ndizo zinazofumwa uso ukimtazama mfumaji. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa tu "kila safu ya 8" atapinda kwenye safu za 8, 16 na 24, ambazo ni za upande wa ndani. Akiambiwa "kila baada ya safu 8" ataanza 7, atafuma 8 katikati, atapinda 16. Tumezoea kauli hiyo kwenye bahasha za dawa: kila baada ya saa 8. Kwa saa haina utata, kwa kuwa saa ni muda unaopita baina ya kidonge na kidonge. Safu si muda. Safu ya kupinda nayo inahesabiwa. Tafsiri B iliacha kanuni ikaandika orodha: "Safu za msuko: 7, 15, 23, 31, 39". Ni ndefu na haina uzuri wowote, lakini haimwachii msomaji la kukisia.

Kupinda kwenyewe kulihitaji uangalifu na neno mbele. Matini chanzi inataka macho matatu yawekwe kwenye sindano ya ziada na kushikiliwa mbele. Mbele ya nini? Kuna kipande cha mbele cha sweta, kuna mbele ya kazi, na kuna macho yaliyo mbele, yaani yanayofuata. Tafsiri B inasema: "Hamishia macho 3 kwenye sindano fupi, iache upande wako. Fuma S3 zinazofuata. Kisha fuma S3 za sindano fupi." Sindano fupi yenyewe imeelezwa mwanzoni kuwa kipande cha spoku ya baiskeli kilichosuguliwa ncha zote mbili, kwa sababu ndicho walicho nacho.

Mwisho ni mpangilio wa habari. Kwenye makwapa, maelekezo ya Kiingereza yanaagiza kwanza kufunga macho 5 kila upande, hivyo 98 yanabaki 88. Kisha kupunguza jicho 1 kila upande, kila safu ya uso, mara tano, yakabaki 78. Aya inapokaribia kwisha ndipo inaposema kwamba wakati huohuo misuko iendelee kupindwa kama awali. Anayesoma aya yote kwanza hana tatizo. Lakini anayefuma husoma mstari, akafuma, akarudi kusoma. Akifika kwenye "wakati huohuo", wakati wenyewe umeshapita. Tafsiri B imelitoa agizo la mwisho na kuliweka kichwani mwa aya: "Katika sehemu hii usiache kupinda misuko kwenye safu zake." Kwa mtazamo wa uaminifu kwa matini chanzi huu ni uvunjaji. Kwa mtazamo wa utaratibu wa kazi, ni chanzi ndicho kilichokuwa kimegeuza mambo.

Pingamizi

Nilipoiwasilisha kazi hii kwenye kikundi chetu cha majadiliano, pingamizi kubwa lilikuwa moja: hiki ni Kiswahili cha Nakivale, si cha wote. Je, mfumaji wa Arusha au Njombe, kwenye baridi na sweta nyingi, ataelewa macho ya kulala?

Pingamizi hili ni la haki, na nalijibu kwa sehemu mbili. Kwanza, "jicho" kwa maana ya tundu la wavu liko katika Kiswahili cha mwambao na cha maziwa yote. Tulichofanya ni kupanua maana, njia ambayo kila mwongozo wa istilahi unaikubali. "Simama", "lala", "pandisha" na "funga" ni maneno ya kila siku. Maneno yenye utata wa kieneo, andrua na anveri, tuliyaacha wenyewe bila kulazimishwa. Pili, mfumaji wa Njombe naye bila shaka ana maneno yake, na huenda ni bora kuliko haya. Kama ni hivyo, yakusanywe, yalinganishwe, yateuliwe. Kazi ya usanifishaji, tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930 hadi BAKITA iliyoundwa mwaka 1967, imekuwa ni kuteua baina ya vilivyopo na kuunda visivyokuwapo. Hatuwezi kusema hakipo kabla hatujauliza.

Kuna pingamizi la pili ambalo halikusemwa kwa sauti lakini lilikuwepo: kwamba Kiswahili cha wakimbizi ni cha kusahihishwa, si cha kujifunzia. Hapa Uganda jambo hili lina uzito wake. Katiba ilitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu na vitabu vinatafutwa. Wakati huohuo, safari fupi kutoka Mbarara, katika makazi yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kuna watu wanaokitumia Kiswahili kila siku kununua, kuponya, kujenga, kuvua na kufuma. Tunawaendea kuwafundisha ngeli. Ni mara chache tunawaendea na daftari tupu.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba tafsiri inaweza kulingana na chanzi chake neno kwa neno, ikarudishwa ilikotoka bila kupungua, na bado isimfae aliyetafsiriwa. Umeonyesha pia kwamba mtafsiri wa maelekezo analazimika kutafsiri namba, kubadili mpangilio na kuongeza hesabu za kujikagua, na kwamba mambo hayo si mapambo ya ziada bali ndiyo tafsiri yenyewe.

Ninapendekeza mambo mawili kwa ajili ya kozi zetu. Kwanza, kila mwanafunzi wa tafsiri atafsiri angalau matini moja ya maelekezo kwa ajili ya mtu mmoja anayeitaka, na apewe alama kutokana na kazi iliyofanywa kwa tafsiri hiyo. Inaweza kuwa ya kuchanganya dawa ya mimea, kuunga paneli ya umeme wa jua au kufuma kofia. Pili, tuanze kukusanya istilahi za mafundi wa Nakivale, fani moja baada ya nyingine, tukiandika neno, maana, mzungumzaji alikotoka na lugha ambayo neno limepitia. Istilahi za ufumaji nilizonazo sasa ni 31. Sweta mbili zilikamilika zikiwa na upana wa sentimita 35, na mkopo wa uzi umelipwa.